Kabati Lililorudishwa Ndani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, kabati jeupe lenye milango miwili ya kioo lilikuwa limesimama nje ya nyumba ya fundi seremala mmoja. Mgongo wake ulikuwa umeegemezwa ukutani, na milango ilikuwa imefungwa kwa kamba isije ikafunguka njiani. Fundi na mkewe walikaa kwenye benchi kando yake wakinywa chai. Walikuwa wakimngoja dalali wa samani kuukuu aje na mkokoteni wake alichukue. Mtaa ulikuwa umetulia, jua lilikuwa bado changa, na wawili hao walikuwa wanacheka.

Nawaomba, ndugu zangu, mkitie maanani kicheko hicho, maana hakikufika robo saa.

Walikuwa wanalicheka kabati lenyewe. Fundi huyu watu walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye kipande cha risasi ambayo mafundi huipimia kitu kama kimesimama wima. Jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi, na karibu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na meza, kitanda au mlango uliotoka mikononi mwake. Nyumba yake tu ndiyo iliyokuwa mikono mitupu. Kinyozi hajinyoi, na kumbe seremala naye ni vivyo hivyo: kila alipoanza kumtengenezea mkewe kabati la vyombo, mteja alitokea na mbao zikaenda kwa mteja. Kwa miaka saba sahani za mke zilikaa kwenye boksi chini ya kitanda.

Wiki tano kabla ya Jumamosi hiyo, Timazi alipita mbele ya duka kubwa la samani. Akaliona kabati likimeremeta chini ya taa, akalikumbuka boksi, akaona haya. Akaingia, akanunua. Hakuligusa, hakulipindua, hakutazama lilivyoungwa. Yeye ambaye humkataza mteja kununua hata kigoda bila kukikalia!

Majuto yalianza siku ileile. Alipolipindua nyumbani aliona kwamba mbao zake si mbao. Zilikuwa unga wa mti uliosagwa, ukachanganywa na gundi, ukashindiliwa, kisha ukavikwa karatasi nyeupe inayong'aa. Skrubu zilishika humo kama kijiti kwenye uji. Wiki ya pili bawaba moja ililegea. Wiki ya tatu rafu yenye sahani ilianza kubonyea katikati. Alipima kwa rula akapata milimita nne. Mgeni akipiga hodi, mke alilifunika kabati kwa shuka kabla ya kumkaribisha.

"Mpishi kaenda kuomba chakula kwa jirani," mke alisema asubuhi ile huku akipuliza chai, "na jirani kampa kiporo."

Hapo ndipo walipocheka. Walikuwa wamekwisha kukubaliana: liende, hasara waimeze, na habari iishie hapo.

Saa mbili na robo alikuja Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, mama mwenye haraka zake, amebeba kwapani kigoda kilichovunjika mguu. Alisalimia, akakiweka kigoda chini, na kabla hajaeleza shida yake macho yakamwenda kwenye kabati. Akapitisha kiganja juu ya mlango. Akainama akajitazama kwenye kioo.

"Fundi, hili umelitengeneza wewe?"

Jibu la kweli lilikuwa la neno moja: nimelinunua. Neno hilo lilifika kwenye ulimi wa Timazi, likakwama. Aliiona habari ikiingia kwenye chumba cha walimu, ikitoka kwa wazazi, ikirudi kwa wateja wake: seremala ananunua kabati dukani. Akaona itamwia vigumu kupita barabarani.

"Ni kazi ya hapahapa nyumbani, Mwalimu," alisema.

Angalieni alivyosema. Hakusema "nimelitengeneza." Wengi wetu hudhani kwamba uongo unaozunguka ni mdogo kuliko uongo ulionyooka. Si kweli. Unaozunguka umefikiriwa zaidi.

Mwalimu Mkuu alifurahi waziwazi. Alieleza kwamba shule inafungua maktaba, inahitaji makabati manne ya vitabu, na kamati ilikuwa inaelekea kuagiza dukani kwa kuwa mafundi wa mtaani, kwa maneno yake, wanajua masanduku tu. Sasa angependa kuileta kamati Jumanne waone mfano kwa macho yao. Aliondoka akiwa amesahau kigoda.

Dalali alifika na mkokoteni saa tatu kasoro dakika ishirini. Timazi akamwambia kwamba kabati haliuzwi tena.

"Jana uliniambia hutaki hata kuliona."

"Nimebadili nia."

Dalali alimtazama mke, na mke akatazama ndani ya kikombe chake. "Haya bwana," dalali alisema akiugeuza mkokoteni. "Angalau magurudumu yamefanya mazoezi."

Mume na mke walilibeba kabati wakalirudisha ndani, mume akishika juu, mke akishika chini. Uzito wake ulikuwa uleule waliotoka nao. Mizani ingethibitisha hivyo. Lakini mara mbili walilazimika kulitua.

"Sahani zangu zimekaa kwenye boksi miaka saba," mke alisema walipolifikisha mahali pake. "Zingeweza kukaa na wa nane. Hii kazi ya hapahapa nyumbani, hii ndiyo sitaiweza."

Timazi akamwambia atulie; ni mpaka kazi ipatikane tu. Makabati ya shule atayatengeneza mwenyewe, kwa mbao za kweli, na hakuna atakayeumia. Alimaanisha alichokisema. Nayaeleza haya kwa kumtendea haki.

Karakana yake ilikuwa na desturi moja ambayo lazima muijue. Aliirithi pamoja na randa na misumeno kutoka kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, seremala mstaafu aliyemlea na kumfundisha kazi. Kila kitu kilichokamilika kilipigwa chapa ya moto upande wa chini: duara, na ndani yake randa ndogo. Mji mzima uliijua alama hiyo, na wengine walikipindua kitu kuitafuta kabla ya kununua. Lakini chapa haikupigwa hivihivi. Mjomba alikuwa na sheria: aliyekitengeneza kitu hukipanda kwanza kwa miguu yake miwili, uzito wake wote, na kusimama hapo akihesabu mpaka mia. Rafu huwekwa juu ya magogo mawili, ikapandwa. Kikinyamaza kimya, hupigwa chapa. Kikilia, hurudi mezani.

Jumatatu mchana Timazi alichomeka chapa kwenye makaa. Kabati lisilo na alama lingemuumbua mbele ya kamati. Alililaza chali, akasimama kando yake kwa muda, asilipande. Alijua lingemjibu nini. Akapiga chapa. Moshi uliotoka haukunuka mti, ulinuka plastiki. Mkewe aliingia kutoka sokoni akiwa na kikapu.

"Kuna kitu kinaungua?"

"Hapana."

"Basi hiki ninachonusa ni nini?"

Mke akatua kikapu, akafungua madirisha yote mawili, akatoka tena.

Kamati ilikuja Jumanne, watu watatu pamoja na Mwalimu Mkuu. Walilizunguka kabati kama wanunuzi wa ng'ombe. Mmoja wao, mwashi wa makamo, aligonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Fundi, mbona linalia kama debe?"

"Ni mtindo wa sasa. Tumepunguza uzito."

"Mmepunguza uzito au mmepunguza mti?"

Wote wakacheka, na Timazi akacheka nao. Kisha mwashi akalipindua, akaiona chapa, na kicheko chake kikageuka heshima. Kama mjomba wako anakuruhusu kuitumia hii, alisema, mimi ni nani? Mwalimu Mkuu alimgeukia mke akamuuliza kazi yote ilichukua siku ngapi. Mke, ambaye ndiye hupiga msasa na kupaka vanishi katika karakana ile, alijibu kwamba fundi ni yule pale, aulizwe yeye. Timazi akasema siku kumi na moja. Namba hiyo aliipata hewani.

Kazi akapewa, na malipo ya awali. Sharti lilikuwa moja: yawe kama hili hili, meupe, yanayong'aa vivyo hivyo, na yafike baada ya wiki tatu.

Alijaribu. Kwa siku tisa aliranda mbao nzuri, akazipaka rangi nyeupe, akazisugua, akazipaka tena. Zilikuwa imara na zilikuwa nyeupe, lakini zilikuwa na uso wa mti, na uso wa mti hauwi kama wa karatasi iliyopikwa kiwandani. Angeweza kwenda shuleni akasema: Mwalimu, nimeshindwa kuufikia mng'ao ule, lakini haya yatabeba vitabu mpaka wajukuu wako wastaafu. Hakwenda. Siku ya kumi alirudi kwenye duka lile lile, akanunua makabati manne ya vitabu, akayaunga Jumapili karakana za jirani zikiwa zimefungwa. Vibandiko vya kiwanda alivibandua kwa patasi bila hata kuvisoma. Chapa ikawekwa motoni mara nne.

Usiku huo, au asubuhi yake, sina hakika, alimwomba mkewe amsaidie kuyafuta vumbi na kusema, wakiulizwa, kwamba yeye ndiye aliyeyapaka rangi.

"Mimi ni mkeo," mke alimjibu. "Si shahidi wako." Na tangu siku hiyo hakukanyaga karakana.

Makabati yalipelekwa shuleni kwa wakati. Yalishangiliwa. Mkutubi wa shule, mama mtaratibu mwenye miwani ya kamba, aliyajaza vitabu kwa siku mbili, atlasi na kamusi juu, hadithi chini ili watoto wazifikie. Wiki ya tano alimtumia fundi ujumbe kwamba rafu ya pili kutoka juu, kabati la tatu, imepinda. Timazi akajibu kwamba mbao mpya hujizoesha. Wiki ya sita mkutubi alituma ujumbe mwingine: rafu haijajizoesha, imezidi. Timazi aliusoma mara nyingi, akapanga kwenda Ijumaa.

Jumatano ya wiki ya saba, saa nne na dakika ishirini, rafu hiyo ilichomoka. Iliangukia ya chini yake, nayo ikaenda na iliyofuata. Mkutubi alikuwa amesimama mbele yake. Aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa. Mifupa miwili ilivunjika juu kidogo ya kifundo. Darasa la watoto thelathini na mmoja lilikuwa koridoni, linapanga foleni ya kuingia. Nawaachia wenyewe mpige hesabu ya dakika tatu zaidi.

Kwa kuwa chapa ilikuwa ya mjomba, Mwalimu Mkuu alimwita mjomba. Mzee huyo alikuwa amepita sabini na alitembea polepole, lakini alifika kabla ya saa saba. Timazi naye aliitwa, akamkuta maktabani, amekaa kwenye kiti cha mtoto, vitabu vimetapakaa sakafuni, kipande cha rafu kiko mapajani. Alikuwa akikifikicha ukingo wake kwa kidole gumba, na chengachenga zilikuwa zinamwangukia kwenye viatu.

"Mpwa wangu, hii ni mbao ya mti gani?"

Timazi aliinama kuokota kitabu.

"Nakuuliza kwa kuwa sijawahi kuishika. Labda nimezeeka."

"Si mti mmoja, Mjomba. Ni vumbi la miti."

"Nani aliyeiunda?"

"Kiwanda."

"Kiwanda gani?"

"Sikijui."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha kipimo. "Hukijui," alisema, "na jina langu umekipa."

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti. "Fundi, mimi siku ile nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mwalimu."

"Ungeniambia umelinunua, ningekutania wiki nzima. Na kazi ningekupa, kwa sababu kigoda changu cha kwanza ulichonitengenezea bado nakikalia."

Kati ya yote aliyoambiwa siku hiyo, neno hilo ndilo lililomlaza chini Timazi. Aibu aliyoikimbia haikuwa kubwa kuliko utani wa wiki moja.

Mjomba aliomba aletewe chapa. Timazi akaifuata karakanani, akairudisha imefungwa kwenye tambara. Mzee akaitia mfukoni, akamwomba Mwalimu Mkuu samahani yeye mwenyewe, badala ya mpwa wake, akaondoka bila kumtazama Timazi.

Jioni ile Timazi alimweleza mkewe kila kitu, ingawa karibu vyote alivijua. Mke alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema atarudi kushika msasa kwa sharti moja: kabla ya ubao wa kwanza kukatwa, mume aende kwa mkutubi peke yake, wala asipeleke zawadi.

Alikwenda siku ya pili, mchana. Mkutubi alikuwa sebuleni, plasta imemfika kwenye kiwiko, na mezani mbele yake kulikuwa na karatasi tupu na kalamu. Timazi alianza kusema pole. Mama yule alimkatiza.

"Mwandiko wako unasomeka?"

"Unasomeka, mama."

"Basi kaa. Shule inataka taarifa ya tukio kwa maandishi, nami kama unavyoniona. Nitasema, wewe andika."

Akakaa, akaandika. Tarehe, saa, kabati la tatu, rafu ya pili. Mama yule alisema polepole, kwa sentensi kamili, kama anayesomea darasa imla. Akamwandikisha kwamba alitoa taarifa kwa fundi mara mbili. Akamwandikisha jibu la kwanza la fundi, neno kwa neno, na kwamba taarifa ya pili haikujibiwa. Akamwandikisha kwamba makabati yote manne yalinunuliwa dukani.

"Andika: fundi alijua kwamba hayawezi kubeba vitabu."

Kalamu ilisimama.

"Sitaki niandike nisilolijua," mkutubi alisema. "Ulijua au hukujua?"

Nje kulikuwa na mtu anafagia. Timazi aliusikiliza ufagio mpaka ulipofika mwisho wa ua na kuanza kurudi.

"Nilijua."

"Basi andika."

Aliandika. Mkutubi akavaa miwani, akaisoma taarifa yote, akaikunja kwa mkono mmoja kwa kuibana na kikombe. Hakumwambia amemsamehe, wala hakumwambia hajamsamehe. Alimwambia afunge mlango vizuri akitoka.

Jumapili iliyofuata, mchana kweupe, Timazi alilitoa kabati jeupe nje akalifungua skrubu moja moja mbele ya majirani ambao, tangu habari ya kamati ienee, walikuwa wakilisifia. Jirani mmoja aliuliza kwa nini anavunja kazi yake mwenyewe. Akajibu kwamba si kazi yake, alilinunua. Alilazimika kulirudia jibu hilo mara sita kabla ya adhuhuri, kwa kuwa kila aliyepita aliuliza. Mkewe alizifunga sahani kwenye magazeti, akazirudisha kwenye boksi.

Kisha wakaanza makabati ya shule. Mbao nzito, kila kona ikiungwa kwa ulimi wa mti na tundu lake, bila malipo na bila chapa.

FUNZO

Ndugu zangu, kununua kitu kibaya si dhambi. Ni kosa la siku moja, na dawa yake ni kukiri hasara na kukiondoa. Huyu bwana alikwisha kukifikisha kitu chake mlangoni. Alichokirudisha ndani hakikuwa kabati, kwa kuwa kabati hakulipenda hata dakika moja. Alirudisha sifa aliyopewa kwa ajili yake. Kitu unachokijutia ukikibakiza kwa sababu watu wamekisifia, jua kwamba si wewe tena unayekimiliki. Nacho kitakutuma.

La pili. Nimehesabu: tangu Jumamosi ile mpaka rafu ilipoanguka, Timazi alipata nafasi saba za kusema neno lile moja. Kwa Mwalimu Mkuu, kwa dalali, kwa kamati, kwa mwashi alipogonga, siku ya kumi mbao zilipomshinda, na kwa kila ujumbe wa mkutubi. Kila nafasi ilikuwa ghali kuliko iliyotangulia, na ya kwanza ilikuwa karibu bure. Aibu ndogo ilipe mapema, kwa mkono wako. Usipoilipa, italipwa na mtu mwingine, na hatachagua kiungo cha kulipia.

Na kwa mafundi wenzake nasema hivi: jina zuri si rangi, halipakwi juu ya kitu. Linatoka ndani ya kitu, au halipo.

Makabati matatu ya kwanza yalipokelewa na shule mwezi uliofuata. La nne lilifikishwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, likibebwa na Timazi na mkewe. Mkutubi alikuwa amerudi kazini. Alizijaribu rafu moja moja kwa kuzilalia kwa kiwiko, akaomba hati ya mapokezi, akaisaini kwa mkono wa kushoto.